Faili ya Broka ni Katiba ya Chama, Isome

Kuna tabia moja imetushika vijana na mimi nimeichoka. Tunachukulia faili ya usanidi, ile wasee wa kodi huita konfigi, kama kitu cha kunakili tu. Unatafuta video, unaruka mpaka dakika za mwisho pale msee anabandika mistari yake, unaandika vile vile, na ikiwaka unafunga kompyuta unaenda kulala. Ikikataa, unatafuta video nyingine. Hakuna mahali katika safari hiyo umejiuliza mstari wa tatu unasema nini.

Maoni yangu leo ni haya: faili ya usanidi ni lugha. Ni fupi na kavu, haina utamu wowote, lakini ni lugha, na sarufi yake ni kidogo kuliko ile ulifunzwa darasa la nne. Ukiisoma, wewe ndiye unaamua. Usipoisoma, kuna mtu ameshakuamulia na hata hujui ni nani.

Na kabla mtu hajaniuliza nina karatasi gani: sina. Nilisoma kompyuta chuo kikuu miaka miwili, karo ikagoma, nikarudi Kilungu. Simtafuti mtu wa kunihurumia. Nasema tu ili ujue haya yote niliyasoma nje ya darasa, kwa simu na laptopu ya mitumba. Miongozo ya hizi programu iko wazi kwa intaneti, bure, na haikuulizi namba yako ya usajili.

Tuanze na jina lenyewe. Ukisema "broka" huku Makueni, hasa msimu wa maembe, utaangaliwa vibaya. Broka tunayemjua ni yule anakuja na lori mpaka shambani, anataja bei yake, anaondoka na maembe, na wewe unabaki ukihesabu hasara. Broka ninayemzungumzia mimi ni programu. Kazi yake ni kupokea ujumbe kutoka kwa kifaa kimoja na kuupeleka kwa vifaa vingine ambavyo vimesema vinautaka. Fikiria ofisi ya parseli kwa stage ya matatu. Unaleta mzigo, unaandika juu unaenda kwa nani, unaenda zako. Wewe na mpokeaji hamjaonana, lakini mzigo unafika kwa sababu kuna ofisi katikati inayojua kusoma maandishi yaliyo juu ya mzigo.

Broka niliyemzoea anaitwa Mosquitto. Ndiyo, t mbili, kama mbu aliyekosewa tahajia. Ni programu ya bure, na lugha yake ya kutumiana ujumbe inaitwa MQTT. MQTT ilibuniwa mwaka wa 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, ili kuchunguza mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Setilaiti ni ghali, kwa hivyo walitaka ujumbe mdogo kabisa, na kitu ambacho hakitazimia kila mtandao ukiyumba. Sasa niambie kama hiyo si hadithi ya bando zetu. Walikuwa wanafikiria mafuta jangwani, lakini kitu walichotengeneza kinafaa kijiji cha Ukambani sawasawa.

Sasa nikupeleke kwa kijiji chenyewe, ndio uone kwa nini nina hasira na kunakili.

Kilungu ni milima. Ukitoka barabara ya Mombasa ukapanda kuelekea Nunguni, baridi inakupokea kabla ya watu. Shida ya milima ni moja: maji yako chini bondeni, watu wako juu. Kikundi cha maji cha kijiji chetu kina kisima na pampu kule chini, na tanki juu. Zamani mtu alikuwa anapanda kuchungulia tanki, kisha anashuka kuzima pampu. Akichelewa, tanki linajaa, maji yanamwagika kwa njia, na tokeni za stima zinaisha kwa kazi ya bure. Akiwahi sana, wale wa nyumba za mwisho wanafungua mfereji unakohoa hewa.

Kijana mmoja wa huko kwetu, kabla hajaenda kufanya kazi mbali, aliwatengenezea kitu safi. Aliweka sensa kwa tanki, kifaa kingine kwa pampu, na antena mbili za kupitisha Wi-Fi kutoka juu hadi chini. Katikati, ndani ya duka la mwenyekiti wa kikundi, aliweka Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayotoshea kwa kiganja. Ndani yake kuna Mosquitto. Sensa inasema tanki limefika wapi. Pampu inasikia, inajiwasha au inajizima. Hakuna mtu wa kupanda mlima.

Halafu kadi ya memori ya hiyo kompyuta ikaharibika. Fundi mmoja kutoka mjini, jina lake nabaki nalo, akaja, akaweka kadi mpya na programu mpya, akabonyeza hapa na pale. Kimya. Sensa inaita, broka hajibu. Fundi akatangaza kwamba mashine imezeeka, inunuliwe nyingine, na hesabu yake ikafika elfu kumi na nne pamoja na usafiri. Kwa kikundi ambacho wanachama wanachanga shilingi hamsini hamsini, hiyo ni miezi ya pesa. Siku hizo zote watu wamerudi kupanda mlima.

Mwenyekiti akanipigia simu, nikaenda. Kitu cha kwanza nilifanya ni kusoma kumbukumbu za broka mwenyewe, yaani ile faili anayoandika kila kitu anachofanya. Mistari miwili ilikuwa pale, kwa Kiingereza cha kawaida kabisa. Wa kwanza ulisema, kwa maana yake: nimeanza kwa hali ya ndani peke yake, watakaoungana nami ni wale walio ndani ya mashine hii tu. Wa pili: andika faili ya usanidi inayotaja listener ili walio nje waweze kufika.

Mashine ilikuwa nzima. Kila ilipowashwa, ilieleza shida yake na ikataja dawa, na aliyelipwa kuja kuitazama hakuisoma.

Hiki ndicho kilikuwa kimetokea. Mosquitto za zamani, zile za toleo la kwanza, ukiziwasha bila kuandika chochote kwa faili, zinafungua mlango namba 1883 kwa kila mtu, bila kuuliza jina wala neno la siri. Desemba 2020 likatoka toleo la 2.0, na tabia hiyo ikageuzwa. Sasa ukikaa kimya, broka anajifungia ndani. Na ukifungua mlango bila kusema nani aingie, hakubali mtu asiyejitambulisha.

Simama hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo sarufi ya usanidi inapoachana na sarufi ya mdomo. Katika faili hizi, kitu ambacho hukuandika pia kina maana. Kila neno lina thamani ya kuanzia, na usiposema unataka nini, inachukuliwa umekubali ile iliyowekwa na waliotengeneza programu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Faili tupu haimaanishi hakuna sheria. Inamaanisha sheria zote ni za mtu mwingine, na siku akizibadilisha, zako zimebadilika pia.

Sasa tuandike. Mistari ilikuwa minne tu:

listener 1883
allow_anonymous false
password_file /etc/mosquitto/passwd
acl_file /etc/mosquitto/acl

Mama mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Akaniuliza, "Mwanangu, hapo umeandika nini?" Nikaanza kumwambia mambo ya bandari na itifaki, akanikatiza. "Hapana. Niambie, huo mstari unamruhusu nani kufanya nini?"

Manze, hilo swali nimelibeba tangu siku hiyo. Mihadhara ya miaka miwili haikunipa swali zuri hivyo. Nikamjibu mstari kwa mstari. Wa kwanza: mlango uko hapa, namba 1883. Wa pili: mtu asiye na jina haingii. Wa tatu: orodha ya majina na maneno ya siri iko kwa faili ile. Wa nne: daftari la nani anaruhusiwa kusema nini na kusikia nini liko kwa faili ile nyingine.

Akacheka. "Si hiyo ni katiba ya chama?"

Ni hiyo hasa. Kila chama unachokijua kina karatasi inayosema wanachama ni nani, nani anatia sahihi benki, nani anaweza kuona vitabu lakini hawezi kugusa pesa. Hakuna mama wa chama Kilungu hii anayeweza kukubali katiba iliyonakiliwa kutoka chama cha watu asiowajua, bila kusomwa kwa sauti mkutanoni. Lakini sisi wenye laptopu tunafanya hivyo kila siku na tunajiita wataalamu.

Basi hebu tuisome hiyo katiba polepole, sheria zake za uandishi.

Sheria ya kwanza: kila mstari ni sentensi moja. Neno la kwanza ni jina la kitu, kisha nafasi moja, kisha thamani yake. Hakuna alama ya usawa, hakuna nukta, hakuna mabano. Ukiandika allow_anonymous=false kwa mazoea ya programu zingine, Mosquitto anaona jina geni refu ambalo halijui, na anakataa kuwaka.

Sheria ya pili: upatanisho. Unakumbuka ngeli? Kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka, na ukisema kitabu imeanguka mwalimu wa Kiswahili anashika kichwa. Hapa ni vile vile, kila jina linataka aina yake ya thamani. Jina la mlango linataka namba. Jina la ruhusa linataka true au false. Hutaandika yes, wala ndiyo, hata kama wewe mwenyewe umeelewa. Jina la faili linataka njia kamili ya kufika kwa faili hiyo, herufi kubwa na ndogo zikiwa mahali pake.

Sheria ya tatu: alama ya reli, ile #. Ikiwa herufi ya kwanza kabisa ya mstari, mstari wote ni maelezo ya binadamu na broka anauruka. Lakini ikiwa katikati, usitegemee hivyo. Ukiandika

password_file /etc/mosquitto/passwd # watu wa maji

broka atatafuta faili ambayo jina lake ni passwd, nafasi, reli, watu wa maji. Hataipata, na wewe utashinda ukiapa faili ipo. Maelezo yape mstari wake.

Na alama hiyo hiyo ina maana nyingine kabisa ukiwa kwa anwani za ujumbe. Pale maji/tanki/# ni kusema: kila kitu kilicho chini ya maji, chini ya tanki. Kwa Kiswahili tuna mto wa maji na mto wa kulalia, na hakuna mtu amewahi kulalia mto wa maji kwa kuchanganyikiwa. Mahali neno lilipo ndipo panakuambia maana. Na hizi alama zisome hivyo.

Sheria ya nne: mpangilio. Hii ndiyo wengi huikosa, na kwa Mkamba inapaswa kuwa rahisi zaidi. Angalia mashamba ya kwetu yalivyokatwa ngazi ngazi. Ile mbinu ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu inaitwa fanya juu, na vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi udongo vinaiandika hivyo hivyo kwa Kiswahili. Udongo na maji vilivyo kwa ngazi ni vya ngazi hiyo mpaka ufike tuta linalofuata. Ndivyo neno listener linavyofanya kazi. Ukiandika listener 8883, kisha mistari ya certfile na keyfile, vyeti hivyo ni vya mlango huo. Ukiipandisha mistari hiyo juu, ikakaa chini ya listener 1883, umehamisha kufuli kwa mlango mwingine bila kubadilisha neno hata moja. Maneno ni yale yale, maana imegeuka.

Tahadhari: si kila mstari una tabia hiyo. Allow_anonymous na password_file ni za nyumba nzima, isipokuwa umeandika per_listener_settings true. Hii huwezi kuikisia. Inabidi kusoma mwongozo, na mwongozo unasema.

Sasa daftari la ruhusa, ile faili ya acl. Nayo iko hivi:

user tanki
topic write maji/tanki/#
user pampu
topic read maji/tanki/#

Umeona ngazi tena? Mistari iliyo chini ya user tanki ni ya tanki, mpaka utaje user mwingine. Tanki linaruhusiwa kusema. Pampu inaruhusiwa kusikia, haiwezi kudanganya kwamba tanki limejaa. Mama mwenyekiti tulimpa user wake kwa simu, anaona kila kitu, hatumi amri yoyote. Huyo ni mwanachama wa kamati ya ukaguzi, kwa lugha ya chama.

Nikawasha broka kwa mkono kwanza, na kifupi cha -v kinachomfanya aongee kila kitu anachofanya:

mosquitto -c /etc/mosquitto/mosquitto.conf -v

Hii ni tabia nzuri ya kujifunza. Ukikosea jina, anakuambia jina halijulikani, na anakutajia faili na namba ya mstari. Ni mwalimu gani hukusahihishia insha kwa namba ya mstari, saa hiyo hiyo, bila kukutukana? Sensa ikaingia, pampu ikaingia. Kifaa cha elfu kumi na nne hakikununuliwa.

Najua kuna msee anasema: si ungeandika tu allow_anonymous true, kama video zote zinavyosema, ukaenda nyumbani mapema? Ingewaka, sikatai. Ingewaka hata haraka zaidi. Lakini uliza swali la mama: inamruhusu nani kufanya nini? Wi-Fi ya duka lile inajulikana na nusu ya vijana wa soko. Kwa true, yeyote kati yao akiwa na programu ya bure kwa simu angeweza kutuma ujumbe mmoja kwamba tanki limejaa, pampu izime, na nyumba za mwisho zikose maji ya kupika muthokoi. Au aseme tanki ni tupu usiku kucha, na asubuhi tokeni zimeisha na njia imekuwa mto. Hahitaji kuwa mwizi. Anahitaji tu kuwa na umri wa miaka kumi na nne na jioni ndefu.

Na usilale ukifikiri neno la siri limemaliza yote. Mlango wa 1883 hauna bahasha, maneno yanapita wazi. Ndani ya mtandao wenu mdogo unaweza kukubali hatari hiyo ukijua unaikubali. Ukienda nje kwa intaneti, nenda na 8883 na vyeti vyake. Kitu kingine kidogo: ukiongeza majina kwa mosquitto_passwd, ile -c inaunda faili upya na kufuta iliyokuwepo. Itumie mara ya kwanza tu, la sivyo wanachama wa jana wote wametolewa chamani.

Kama unadhani ujumbe wa pampu ni kitu kidogo cha kuandikia maneno yote haya, vuka uende Kitui, majirani zetu. Kule Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu za kupiga kwa mkono, zile za vijijini. Kifaa kinahesabu mkono umepigwa mara ngapi, kisha kinatuma hesabu kwa SMS. Pampu ikinyamaza, mafundi wanajua bila mtu kusafiri kwenda kupiga ripoti. Kabla ya hapo, pampu ikiharibika ilikuwa inakaa karibu mwezi mzima ndipo itengenezwe. Kwa majaribio hayo, ambayo yalifanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010, muda ukashuka hadi chini ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo kukazaliwa FundiFix, huduma ya kutengeneza pampu inayofanya kazi Kitui na Kwale.

Walitumia SMS, si MQTT, lakini somo ni moja. Kilichopunguza siku ni ujumbe mdogo kufika kwa mtu sahihi, anayeweza kuusoma na kuchukua hatua. Katika hiyo minyororo yote, mahali pa kukatika ni pengi, na faili ya mistari minne ni pamoja. Kwetu Kilungu ndipo palipokatika.

Labda wewe hutatumia Mosquitto. Labda kazi yako ya kwanza Nairobi itakuwa na broka mwingine. Poa, sarufi inabadilika, lakini swali halibadiliki. RabbitMQ ya leo inaandika jina, alama ya usawa, thamani, na majina yake yameunganishwa kwa nukta:

listeners.tcp.default = 5672

Kabla ya toleo la 3.7 la mwaka wa 2017, faili yake ya usanidi iliandikwa kwa maneno ya Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kule Uswidi kwa ajili ya mitambo ya simu. Mabano ndani ya mabano, na mwisho kabisa nukta, kama sentensi ya kawaida. Ukisahau nukta ya mwisho, broka haamki. Mtindo huo bado upo kwa mipangilio ile migumu, kwa hivyo ukikutana nao usikimbie. ActiveMQ yeye anaandika kwa XML, kila neno linalofunguliwa lazima lifungwe, kama lango la boma. Kafka anarudi kwa jina na alama ya usawa. Ni kama kutoka Kikamba kwenda Kiswahili kwenda Kiingereza. Ulifanya hivyo ukiwa na miaka saba na hakuna mtu alikupa digrii.

Hapa ndipo nataka kugusa mahali panapouma. Tumefanywa tuamini kwamba kuna watu wa kusoma na watu wa kubonyeza. Aliyehitimu anasoma, sisi wengine tunabonyeza. Na fundi yule wa mjini, kwa taarifa yako, alikuwa na karatasi. Simdharau kwa kuwa nayo, na sisemi shule ni upuzi. Ningepata karo kesho ningerudi. Nasema karatasi haisomi faili. Macho ndiyo yanasoma, na subira, na mtu anayesimama nyuma yako na chai akikuuliza swali rahisi mpaka ukose mahali pa kujificha.

Tena yule mama hajui MQTT ni nini na hana haja ya kujua. Lakini siku ile tulimsomea usanidi wote, na yeye ndiye alisema simu ya katibu iongezwe kwa wanaoona, na kwamba kijana wa pampu asipewe ruhusa ya kuandika. Huo ulikuwa uamuzi wa uongozi, si wa kompyuta, na uliwekwa na mtu mwenye haki ya kuuweka. Mistari ikiwa kwa lugha ambayo hakuna mtu kijijini anaisoma, uamuzi huo unafanywa na fundi mgeni au na msee wa video aliye bara lingine, ambaye hajui tanki letu liko wapi.

Kwa hivyo, kazi ya wikendi. Chukua faili moja ya usanidi iliyo kwa mashine yako sasa hivi, yoyote ile. Usibadilishe kitu. Kwa kila mstari, andika kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu, unamruhusu nani kufanya nini. Ukikwama, fungua mwongozo wa toleo ulilo nalo, si wa toleo la msee wa video. Kisha fanya ile sehemu ngumu: orodhesha yale ambayo faili haijasema, na utafute broka anachukulia nini pale uliponyamaza.

Ukimaliza, msomee mtu asiyejua kompyuta kabisa. Akielewa, umeelewa. Akikunja uso, rudi kwa mstari.